Mtu akikuuliza "nisome nini sasa hivi": namna ya kumpa kitabu cha fantasia au saifai atakachokimaliza

Kamwene wapendwa. Huku Mbeya mwezi wa sita na wa saba ikishafika saa moja jioni baridi inakuwa kali mpaka mtu hatamani kutoka nje, ni chai, blanketi na kama umeme upo basi kitabu. Na ndo kipindi ambacho watu wananiulizaga sana swali moja, nisome nini sasa hivi? Wengi wao wameshaonja kitabu kimoja cha mambo ya ajabu, labda cha majini, ndo hiyo fantasia, labda cha mtu aliyekwama kwenye sayari nyingine, ndo saifai, wamekimaliza usiku wa manane alafu asubuhi wameamka na njaa ya kingine. Nimekuwa naazimisha vitabu vya namna hii muda mrefu, tangu nakaa Iringa mpaka sasa niko Uyole, na naandika hapa ninavyofanya ili na wewe ukiulizwa na mdogo wako au mfanyakazi mwenzio usimpe kitabu kitakachoenda kulala chini ya kitanda.

Naanza na kosa nililofanya mimi kwa sababu nalionaga kwa kila mtu. Kuna kijana fundi simu pale Mwanjelwa, mtu mwenye akili sana, alinambia anataka kitabu cha "mambo ya anga". Mi nikaenda moja kwa moja nikamchukulia Dune ya Frank Herbert, ya mwaka 1965, kwa sababu ndo kitabu nilichokipenda kuliko vyote enzi hizo. Sasa Dune ni kitabu kikubwa, kina maneno yake yenyewe mpaka mwisho kimewekewa kamusi, na hizo kurasa za mwanzo unatajiwa watu na koo na sayari kabla hujajua nani ni nani. Alirudisha baada ya wiki tatu, kikaratasi cha alama kiko ukurasa wa 30 na kitu, akanambia kaka kitabu kizuri ila kichwa changu hakikiwezi. Iliniuma, maana kichwa chake kinaweza kufungua simu iliyoingia maji ikawaka, ni mimi niliyempa jibu la swali langu mwenyewe badala ya kusikiliza la kwake.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, usimuulize mtu "unapenda fantasia au saifai". Hayo ni majina ya rafu za duka, mtu wa kawaida hajui tofauti na wala haimsaidii. Muulize hivi: ni hadithi gani ya mwisho, iwe kitabu, iwe muvi ya kutafsiriwa uliyoangalia kibanda umiza, iwe hata ile aliyokusimulia bibi, ilikukosesha usingizi, na ni sehemu gani hasa? Alafu nyamaza. Hapo kwenye "sehemu gani" ndo penyewe, usimsaidie kujibu, mwache atafute.

Utaona watu wanne wameangalia muvi moja ya jamaa aliyepotea angani lakini kila mmoja anakusimulia kitu chake. Mmoja atakwambia jinsi jamaa alivyotengeneza ile mashine kwa vipande vya ovyo ovyo. Mwingine hagusi mashine kabisa, anaongelea yule mke aliyebaki nyumbani anasubiri. Wa tatu anauliza sasa kule mbali kuna nani, na kama wapo wanatuonaje. Wa nne anasimulia mahali penyewe, rangi ya anga, ukimya, baridi. Hivyo mi naviitaga vishikio, ufundi, mtu, swali na mahali. Ukishajua mkono wa mtu umeshika wapi unatafuta kitabu ambacho kina mshiko huohuo hata kama kwa nje hakifanani kabisa na alichokuwa anasoma.

Tuanze na ufundi kwa sababu huku kwetu ndo wengi. Hapa kitabu changu cha kwanza ni The Martian cha Andy Weir. Mwandishi alianza kukiweka mtandaoni sura kwa sura kwenye tovuti yake mwenyewe kabla hakijawa kitabu, na unaiona hiyo, kila sura ina tatizo lake na inaishia pabaya. Kuna mwanaanga, mtaalam wa mimea, wenzake wanaondoka Mirihi, yaani Mars, wakidhani amekufa, anabaki peke yake na chakula kisichotosha. Anafanya nini? Analima viazi! Ana viazi vichache vibichi vilivyoletwa kwa ajili ya sikukuu, anachukua udongo wa kule usio na uhai, anachanganya na kinyesi cha wafanyakazi wenzake kilichokuwa kimehifadhiwa, anatengeneza maji kutoka kwenye mafuta ya roketi, na anapiga hesabu ya kila kiazi kina kalori ngapi na atafika siku ya ngapi. Nilimpa jamaa mmoja analima viazi Isyonje, kaka yake ndo alikuwa anamsomea na kumtafsiria jioni, na yule mkulima alikuwa anabishana na kitabu, anasema hapo mbegu kaikata vibaya, hapo samadi haijaiva itaunguza. Sijawahi kuona mtu anasoma kwa moyo vile. Akimaliza huyo mpe Project Hail Mary ya mwandishi huyohuyo, ya 2021, mtu anaamka chomboni hakumbuki hata jina lake, na usimwambie neno jingine lolote zaidi ya hapo, tafadhali, kitabu kile ukimwagiwa mwisho kimekufa.

Yule fundi simu nilimpa hii The Martian baadaye. Siku nne.

Mtu aliyeshika mtu, yaani anayeongelea mke, mama, rafiki aliyesaliti, huyo usimpe vyombo vya angani vingi. Mpe Kindred ya Octavia Butler, 1979. Dada mweusi wa California mwaka 1976 anajikuta amevutwa ghafla mpaka Maryland enzi za utumwa, anarudi, anavutwa tena, na kila akivutwa ni kwa sababu kijana mmoja mzungu, mtoto wa mwenye shamba, yuko hatarini, na huyo kijana ni babu wa ukoo wake. Hakuna mashine, hakuna maelezo ya sayansi, ni uchungu tu wa kulazimika kumwokoa mtu ambaye atakuja kuwaumiza watu wako. Kiingereza chake ni chepesi kabisa. Ila mwambie mapema kuna mijeledi na kuna ubakaji ndani yake, usimwache akutane navyo gizani. Akikipenda, kinachofuata ni Wild Seed ya mwandishi huyohuyo, kuna mama wa Kiigbo aliyeishi zaidi ya miaka 300 anaweza kugeuka mnyama, na mwanaume anayehama mwili kwenda mwili.

Na kwa wasichana wanaotoka kwao kwenda kusoma mbali mi nina Binti, ya Nnedi Okorafor, 2015. Jina lenyewe ni la kwetu. Binti ni Mhimba, wale wa Namibia wanaojipaka udongo mwekundu na mafuta, amepata nafasi chuo kikuu kilicho sayari nyingine, wa kwanza katika watu wake, na anatoroka nyumbani usiku bila kuaga kwa sababu anajua hawatamruhusu. Ni kurasa 90 na kitu, kilishinda Hugo na Nebula, tuzo kubwa za vitabu vya saifai na fantasia. Nilimpa dada mmoja nesi, mwenyeji wa Makete, akakisoma zamu moja ya usiku, asubuhi alinitumia voisi ya dakika sita analia, anasema mi nilipoondoka Makete kwenda chuo mama hakuniongelesha mwezi mzima. Hakugusia hata kidogo wale viumbe wanaovamia chombo njiani, na kitabu kizima kina vita nao. Alishika mtu.

Wa swali, anayeuliza kule kuna nani, ana bahati kwa sababu vitabu vyake ni vingi na vingine ni bure. War of the Worlds ya H. G. Wells ni ya 1898 na The Time Machine ni ya 1895, haki zake za kunakili zimeshaisha, vinapatikana Project Gutenberg, tovuti ya vitabu vya bure, bila hela na faili lake ni dogo, unapakua kwa bando la kawaida kabisa. Time Machine ni fupi, mtu anaondoka nayo kwenye basi la Dar asubuhi na kabla hajashuka Kitonga ameimaliza. Kiingereza cha zamani kidogo lakini si kigumu kihivyo. Akitaka kikubwa zaidi na ana uvumilivu mpe The Three-Body Problem ya Liu Cixin, Mchina, ambayo inaanzia kwenye Mapinduzi ya Utamaduni ya China mwaka 1967, au Rosewater ya Tade Thompson, mji wa Nigeria uliokua kuzunguka kitu kilichotoka nje ya dunia, na mara moja kwa mwaka kile kitu kinafunguka na wagonjwa wanaponywa, watu wanamiminika kutoka kila kona. Sisi tunaokumbuka foleni za kwenda kunywa kikombe cha dawa Loliondo mwaka 2011 tunaisoma tofauti na mtu wa Ulaya, nakwambia.

Sasa wa mahali. Huyu nampenda sana kwa sababu ndo mimi. Kwake nakuja na A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, 1968. Ni dunia ya visiwa na bahari, kijana mchunga mbuzi, ngozi yake ni kahawia, anagundua ana nguvu, anapelekwa shule ya uchawi, na kwa kiburi cha kutaka kumwonyesha mwenzake anafungulia kivuli ambacho kinaanza kumwinda. Nguvu yote ya kule iko kwenye majina, kila kitu kina jina lake la kweli na ukilijua umekishika, na mtu jina lake la kweli hampi ila anayemwamini kwa roho. Mtu aliyekulia sehemu ambayo jina la ukoo peke yake linamwambia mzee unatokea bonde gani na babu yako alikuwa nani haoni ajabu yoyote hapo, anaingia kama anaingia kwao. Sentensi zake ni tulivu, kitabu hakizidi siku tatu nne, na kina muendelezo kwa anayetaka.

Kingine cha mahali ni The Fifth Season ya N. K. Jemisin, 2015, bara ambalo ardhi yake haitulii, matetemeko kila wakati, na kuna watu wanaozaliwa na uwezo wa kuituliza, na haohao ndo wanachukiwa na kuuliwa. Sisi tunaoishi kwenye Bonde la Ufa, Rungwe imesimama pale ni volkano, ikitikisika usiku vyombo vikalia kabatini tunajua ile hofu. Lakini ni kitabu kizito, kinaanza na mama anakuta mwanae mdogo ameuawa na baba yake, na sehemu moja inasimuliwa kwa "wewe" kama vile msomaji ndo yule mama. Usikitoe kiwe cha kwanza. Cha tatu, cha nne, sawa.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye jambo la uchawi kwa sababu waandishi wa nje hawalijui na sisi tunalijua. Kuna watu hawataki wachawi ndani ya kitabu, wengine kwa imani yao, na usibishane nao wala usiwaambie ni hadithi tu. Na kuna wengine siyo imani, ni kidonda. Kuna nyumba ambazo bibi alisingiziwa kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni, akafukuzwa, au zaidi ya kufukuzwa. Ukimpa mjukuu wake kitabu ambacho mchawi ni mzee wa kuogopwa anayestahili kuchomwa umemuumiza bila kujua. Mi nauliza waziwazi, mambo ya uchawi kwenye kitabu yanakukwaza? Akisema ndio naenda upande wa sayari, basi. Niliwahi kumuuliza mama mmoja wa kwaya akasema wachawi hapana ila majini ya hadithi za zamani hayamsumbui, akachukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ndugu wawili waliogeuzwa manyani na ndugu yao Adili anayelazimishwa kuwapiga kila usiku huku roho inamuuma, akaja kuniomba kingine kabla hata wiki haijaisha.

Na hapo tumefika kwenye Kiswahili. Inanishangaza jinsi mtu anavyoombwa kitabu cha ajabu anaanza kuwaza Kiingereza tu. Kusadikika ya huyohuyo Shaaban Robert ni ya 1951, nchi nzima iko angani, na kijana Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa sababu ametaka watu wafundishwe sheria, anajitetea siku kwa siku kwa kusimulia wajumbe waliotumwa pande zote na walivyolipwa mateso waliporudi. Tatizo ni kwamba tulikisoma shule kwa ajili ya mtihani, tukakariri wahusika na dhamira, hatukuambiwa ni fantasia. Mwambie mtu akisome kama anavyosoma Earthsea, bila daftari. Kingine ni Walenisi ya Katama Mkangi, Mkenya, 1995, mtu amehukumiwa kufa, anafungiwa kwenye chombo cha kurushwa angani na anatua kwenye nchi ambayo jina lake ukilikata vipande linasema "wale ni sisi". Hiyo ni saifai kamili ya Kiswahili. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, mheshimiwa anatembelewa na mzimu wa babu yake, mpe mtu wa mjini aliyesahau kijijini. Nagona ya Kezilahabi ni nyembamba inadanganya, ni ngumu kama mfupa, mpe anayependa mashairi na mafumbo na siyo anayetaka kujua nini kimetokea.

Lugha ni kitu cha kuuliza bila aibu na bila kumdhalilisha. Mi siulizi "Kiingereza chako kikoje", nauliza unapenda kusoma kwa lugha gani ukiwa umechoka. Jibu linatosha. Mtu akisema Kiswahili, hujampa kitabu cha daraja la chini.

Akikwambia "mi sisomagi mambo ya kufikirika", usikate tamaa, mara nyingi si kweli. Huyohuyo, bibi yake akisema hadithi hadithi, alikuwa anaitikia hadithi njoo uongo njoo utamu kolea, na zimwi lilikuwa linakula watoto na yeye anasogea karibu na moto. Huyohuyo ana habari yake ya nini kiko chini ya maji ya Ziwa Ngozi, na kama ni wa Iringa anajua kwa nini jiwe la Gangilonga linaitwa jiwe linaloongea. Na kama amewahi kufika Ndolezi kule Mbozi akaweka mkono kwenye kile kimondo, chuma cha tani kama 16 kilichotoka angani kikalala shambani, muulize tu ulipokigusa uliwaza nini. Anachokujibu ndo kishikio chake.

Vitu vingine haraka haraka. Kama kitabu ni sirizi sema ni cha ngapi na kama imeisha, maana kuna A Song of Ice and Fire ya George R. R. Martin, cha tano kilitoka 2011 na cha sita mpaka leo watu wanasubiri, mtu ana haki ya kujua hilo kabla hajaweka moyo wake. Mpe vitabu viwili achague, siyo kumi, kumi anaenda navyo nyumbani kichwani na hasomi hata kimoja. Kumwelezea tumia sentensi moja ya tatizo la mwanzo, "jamaa kaachwa Mars na viazi", usimweleze kwa nini ni kizuri. Na mpe ruhusa ya kuacha, mwambie soma mpaka ukurasa wa 50, kama hujashikwa nirudishie, hakuna kosa. Kuhusu kupata vitabu, maktaba ya mkoa ipo Mbeya na Iringa ipo, pita uulize kabla hujanunua, na kwenye meza za vitabu vya mtumba chimba mpaka chini, saifai huwa zinafichwaga katikati ya vitabu vya biashara na dini.

Alafu fuatilia. Hii ndo watu wanaacha na ndo inayofanya kitabu cha pili kiwe rahisi. Mi nina daftari, naandika nani amechukua nini na aliishia wapi, na kwa aliyeacha njiani naandika ukurasa, kwa sababu mahali mtu alipoachia kitabu panakwambia mengi kuliko alichokisifia. Mtu akiachia pale maelezo ya mashine yanapoanza, umempa kishikio kisicho chake. Akiachia pale mtu anapokufa, hicho ni kitu kingine, mpigie simu mwongee.

Wiki hii kwenye daftari kuna mwalimu mmoja wa Makambako nimempa The Old Drift ya Namwali Serpell, Mzambia, kwa sababu alikuwa ananisimulia safari zake za treni ya TAZARA mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia na nikajua ni mtu wa mahali. Kina habari ya Nkoloso, yule Mzambia aliyetaka kupeleka watu mwezini miaka ya 60 na alikuwa anawafundisha kwa kuwaviringisha ndani ya pipa mlimani, na huyo ni mtu wa kweli kabisa. Ni kitabu kikubwa na kuna sehemu msimulizi ni kundi la mbu. Amekwama ukurasa wa 112, anasema wale mbu ndo anaowapenda ila koo tatu zimemchanganya. Jumamosi nampelekea karatasi niliyochora ukoo wote, nani kamzaa nani, na kama bado, nitamwachia Binti akipumzishe kichwa kwanza.